Kucha Ikikwama

Mwaka ule tulikula michembe. Sisemi michembe ya kuonja kama mnavyoila ninyi, mtu anakuja likizo anasema bibi nichemshie kidogo nikumbuke nyumbani. Tuliila asubuhi, tukaila mchana, na jioni tukaila tena tukiiita chakula cha jioni. Mvua ilikatika mahindi yakiwa usawa wa goti, mtama ukaliwa na ndege, vikabaki viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani mpaka vikawa vinalia kama vigae ukivimimina kwenye ungo. Mtu wa Didia au wa Kahama wa rika langu usimtajie mwaka kwa tarakimu. Mwambie mwaka wa michembe. Atashika tumbo kwanza, halafu atakujibu.

Nimeanza na chakula kwa sababu ya swali nililoulizwa mwezi uliopita hapa Nyasubi, kwenye matanga ya Mama Shija. Tulikuwa uani, wanawake tunamenya ndizi, na Shija mwenyewe, ambaye siku hizi ana mvi kunizidi, akavuta kiti akakaa karibu yangu. Akaniuliza taratibu, "Dada Kabula, hivi mama aliacha kuona lini?" Nikajifanya kisu kimenikata. Nyuma yangu mama mmoja akadakia, "Uzee tu ule, uzee hauna dawa." Uzee! Mama Shija aliacha kuona akiwa mdogo kuliko mimi nilivyo leo, na mimi leo nabeba ndoo kichwani bila kushika. Lakini niliapa kwake kwamba mwanawe hatajua ilianza lini, kwa sababu wakati ule angejua angeacha shule aje kumshika mkono. Sasa amezikwa, na mwanawe ameniuliza mwenyewe. Basi Shija, kaa nikuambie.

Ya kwetu Didia nayaacha. Wenzangu wakianza kusimulia wanaanza na ng'ombe wa baba. Wa kwetu walikuwepo, wakafa, basi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la nne ndilo la mwisho nililoliona, nikafika hapa Kahama kwa Mama Shija kutafuta kazi, na kanga mbili na furushi la michembe. Chumba chake kilikuwa nyuma ya gereji, matofali ya kuchoma bila lipu, na kitanda kimoja cha kamba tulicholala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu, yangu usoni kwake. Ukutani zilining'inia bampa za plastiki zilizovunjika, nyeusi, zimepinda kama mbavu za ng'ombe. Chumba kizima kilinuka nta ya nyuki na masizi. Siku ya kwanza niliona kichefuchefu. Leo nikinusa nta popote nalia, na sioni haya.

Kazi yake ilikuwa hizo bampa. Pikapu zilikuwa zinakwenda machimboni Geita na kurudi, jua linazipiga, vumbi linazisugua, na ile plastiki nyeusi mbele na nyuma inapauka mpaka gari linakuwa kama mzee aliyekosa mafuta miguuni. Halafu mikwaruzo: nguzo, matawi, pembe za ng'ombe, kila kitu kinaandika pale. Mama Shija alikuwa analirudishia gari uso wake. Kwanza sabuni ya unga na mswaki wa zamani, unasugua kwenye vile vinyweleo vya plastiki mpaka maji yatoke meupe. Kisha unaacha ikauke. "Ikauke mpaka uisahau," alikuwa anasema. Kisha unapitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Kucha ikikwama, msasa. Kucha ikipita, mafuta. Ndiyo elimu yote hiyo, Shija, wengine wanaitafuta chuoni. Ikikwama unachukua msasa wa maji, ule mkali kwanza, kisha mlaini, unasugua kwa mkono mwepesi kama unamkuna mtoto mgongo. Mkwaruzo ukiwa wa kina unapasha mgongo wa kijiko kwenye mkaa, unaulaza pale mara moja tu, zile kingo zilizosimama zinalala. Mwisho unapaka dawa: nta iliyoyeyushwa, mafuta ya karanga kidogo, masizi ya sufuria yaliyochekechwa kwenye kitambaa. Unangoja. Unafuta kwa pamba, pamba yenyewe ya shambani, si ya dukani, mpaka kidole kikipita kisiache alama.

Na rangi alizifundisha kwa chakula, maana ndicho tulichokuwa tunakiwaza. Plastiki iliyopauka kabisa, nyeupenyeupe, aliiita michembe. Ikianza kushika rangi, matobolwa, vile viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vinakuwa vyekundu vinavyoelekea weusi. Na ikiwa nyeusi kweli kweli, hiyo sufuria imeungua. Kila baada ya dakika kadhaa alikuwa ananiuliza, "Kabula, hapo unaonaje?" Nasema, "Michembe, mayu," maana mama kwetu ni mayu. Anasema, "Haya, endelea." Baadaye tena, "Na sasa?" Nasema, "Matobolwa." Anatabasamu. Nilijiona mwanafunzi wa maana sana. Nilisema moyoni, huyu mama ananipima kila saa, hanichoki.

Wateja wetu walikuwa wachache, mkubwa ni Bwana Masunga. Huyu alikuwa broka wa dhahabu, ana tumbo, ana kofia ya pama, ana pikapu tatu, na hizo pikapu tatu ndizo zilizokuwa zinakusomesha wewe, Shija, huko bweni ulikokuwa unatuandikia barua kwamba maharage yana wadudu. Tulikuwa tunaisoma ile barua tunacheka. Maharage! Mama yako alisema, "Mjibu atutumie hao wadudu."

Siku moja Mama Shija alikwenda kwenye msiba mtaa wa pili, nikabaki peke yangu. Masunga akaingia kwa kasi. "Binti, mama yuko wapi?"

"Shikamoo. Yuko msibani."

"Marahaba. Nakwenda mnadani sasa hivi, kuna wakwe zangu pale, nataka gari ling'ae. Utaweza?"

Mimi? Niweze nini? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ningekubali hata kuulizwa kama naweza kurusha ndege. Nta ilikuwa imekwisha, imebaki chupa ya mafuta ya karanga. Nikaosha, sikungoja ikauke, nikamimina mafuta matupu, nikapaka kama ninampaka bibi harusi. Ile bampa iling'aa mpaka nikaona meno yangu. Masunga akapiga mluzi, akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika kiuno, najisifu.

Alirudi jua likiwa bado juu, na nyuma yake kicheko cha mtaa mzima. Mafuta yale yalibeba vumbi lote la njiani. Bampa ilikuwa kama dagaa waliogaagaa mchangani. Na kwenye lile vumbi kuna mistari, mipana, imeparaza kushoto kulia. Ndimi. Mbuzi wa mnadani walikuwa wameilamba. Lakini si mbuzi waliomuudhi Masunga. Kilichomuudhi ni bibi mmoja mnadani aliyeinama akanusa, akasimama mbele ya wakwe zake akasema kwa sauti, "Sisi tunakula michembe, gari linakula karanga." Katika mwaka ule. Mtu mzima alikuwa tayari kuitwa mwizi kuliko kuambiwa hivyo.

Mama Shija alikuwa ameshafika, kanga ya msiba bado mabegani. Masunga akafoka, "Nani kapaka hii?"

Nilifungua mdomo. Akanitangulia. "Nimepaka mimi."

"Wewe, Mama Shija? Kwa mafuta matupu? Hukuona yanavyochuruzika?"

"Nimepaka mimi, baba. Nisamehe."

Masunga akamtazama sana. Akasogea, akamtazama machoni, si kama mtu anayegomba, kama mtu anayekagua bidhaa. "Basi macho yako yamekwisha, mama," akasema. "Nimesikia watu wanasema, nikakataa. Jumamosi naileta ile ya Geita, imejikwangua kwenye nguzo za duara kule machimboni. Utaifanya mwenyewe, kwa mkono wako, mimi nimekaa hapa. Ukishindwa, magari yangu yote yanahamia kwa vijana wa moto." Hao walikuwa kwa fundi wa kuchomelea, ng'ambo ya barabara, wanapitisha moto wa gesi juu ya plastiki na weusi unarudi hapo hapo kana kwamba umeitwa. Sikatai, unarudi. Ila plastiki ikichomwa mara mbili inakakamaa, mara ya tatu inapasuka ukiigusa kwa goti.

Alipoondoka nikaanza kulia, nikamwambia, "Mayu, kwa nini umejitwika langu?" Akasema tu, "Nipe maji." Kikombe kilikuwa mbele yake, juu ya kigoda. Nikamwonyesha kwa kidevu. Mkono wake ukaenda, ukatua pembeni, ukapapasa, ukatembea juu ya ubao kama buibui mpaka ukakigusa. Nikakumbuka hapo unaonaje, na sasa, na hapa je. Miezi yote ile hakuwa ananipima. Alikuwa anauliza.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu viazi vilipoanikwa. Kwanza ilikuwa kama moshi, nikadhani ni jiko." Akanywa maji, akaweka kikombe taratibu, akihakikisha kimekaa. "Usimwambie Shija. Usimwambie mtu. Vidole vyangu vinaona. Ni rangi tu ndiyo imenikimbia."

Nimezaa watoto watano, nimezika mume, nina wajukuu kumi na mmoja na wote wana akili. Lakini ukiniuliza ni siku gani nilikua, sitakutajia ndoa wala uzazi. Ni ile siku ya kikombe. Nilikuwa nimempalia mkaa kichwani mtu aliyekuwa ananilisha michembe yake, na yeye akautwaa mkaa mwenyewe akaukalia. Wajukuu wangu leo wana dawa za kopo, wanapuliza bampa fyuu, wanafuta, wanapiga picha. Nawaambia vizuri, inang'aa. Kisha napitisha ukucha. Wananiambia bibi acha ushamba.

Ijumaa yote hatukufanya kazi nyingine. Tulikaa na bampa mbovu za ukutani, tukafanya mazoezi ya kuongea. Yeye anasugua, mimi nazungumzia chakula, kana kwamba ni umbea wa jikoni. Kulia, kushoto, chini, juu, yote tukayapikia majina ya jikoni. Tulicheka mpaka fundi wa gereji akaja kuuliza kama tumepata mgao wa unga.

Jumamosi Masunga akaja na kiti chake. Akakiweka kivulini, akakunja miguu, akavua pama. Bampa ilikuwa imechunwa vibaya, mikwaruzo mirefu myeupe, mmoja unaingia kidole. Mama Shija akapiga magoti mbele ya gari kama mtu wa kanisani. Akaosha. Akaacha ikauke, na Masunga akaanza kupiga miayo. Kisha akaipitia kwa kucha, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, midomo inacheza kidogo, anahesabu panapokwama. Hakukosa hata mmoja. Nilikuwa nina macho mazima, na mkwaruzo mmoja wa chini ya taa nilikuwa sijauona mpaka kucha yake ilipokwama.

Akasugua, akalaza kijiko cha moto, akapoza, akasugua tena. Akaanza kupaka dawa. Hapo ndipo palipokuwa na shida, maana ukucha haujui rangi. Akasema bila kugeuka, "Kabula, mchana tunakula nini?"

"Michembe, mayu."

"Bado michembe tu?"

"Bado. Nimeichungulia, ni michembe mitupu."

Masunga akacheka. "Ninyi wanawake! Mtu yuko kazini anawaza sufuria."

"Mwenye njaa hachagui la kuwaza, baba," Mama Shija akasema, akaongeza dawa. Baada ya muda, "Na sasa je, jikoni?"

"Naona matobolwa, mayu. Yameiva upande wa mlango." Maana yake kulia.

"Na upande mwingine?"

Hapo upande wa kushoto, kwenye pembe kabisa, kulikuwa na kipande kimepauka, ukubwa wa kiganja, mkono wake umekiruka mara mbili. Jana tulikuwa na neno la pembe ile. Nililisahau. Nikasema la kwanza lililokuja mdomoni, "Michembe imebaki kwenye kona ya jiko, mayu. Kona ya kushoto, huko mwisho."

Mkono wake ukaenda moja kwa moja hadi pale, ukapaka, ukapaka. Safari hii Masunga hakucheka. Nilipomtazama alikuwa ananitazama mimi.

Tulingoja dawa ishike. Tulifuta kwa pamba, yeye upande wake na mimi naruhusiwa tu kumpa pamba safi. Mwisho akauliza, na sauti yake ilitetemeka kidogo sana, ungelazimika kulala naye kitanda kimoja ndipo uisikie, "Kabula, chakula?"

"Mayu, sufuria imeungua."

Akaketi juu ya visigino vyake. Masunga akainuka, akapiga magoti na suruali yake ya mnadani, akapitisha ukucha huku na huku. Ukapita. Akapitisha kiganja, akakitazama: kikavu. Akasema, "Mama Shija, kazi nzuri. Sijaona kazi kama hii." Mama yako akaitikia, "Asante, baba," akaenda ndani kwa hatua zake zilizohesabiwa, mkono unagusa ukuta kana kwamba anaupapasa kwa mapenzi tu.

Masunga akanikuta kwenye pipa la maji. Akasema chini chini, "Binti. Jiko gani lina kona?"

Jiko letu lilikuwa mafiga matatu, na yeye alikuwa anayaona.

"Sitamwaibisha," akasema. "Nina mama na mimi. Lakini biashara si msiba, siwezi kuleta magari kwa mtu asiyeona. Wewe unaona, na mkono wake umeshauchukua. Nina yadi Geita, magari kumi na zaidi yanalala pale, yangu na ya wenzangu. Kuna chumba chenye kioo dirishani, peke yako. Wali kila siku. Sato wanatoka ziwani Nkome asubuhi, wanafika bado wanafungua midomo. Twende leo."

Sitadanganya hapa, nimeshakuwa mtu mzima mno. Mate yalinijaa. Niliuona ule wali. Niliona hata chumvi yake.

"Na yeye?" nikauliza.

"Ana mtoto shuleni. Atarudi amlee."

"Na shule?"

"Shule, shule! Wewe umesoma?"

"Darasa la nne."

"Na je, hujasimama hapa kwa miguu yako?"

Nikatazama mikono yangu, kucha zote nyeusi kwa masizi. Nikasema, "Siendi. Hapa kuna kazi sijamaliza."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akavaa pama lake. "Nakwenda kunywa chai pale ng'ambo. Nikirudi nikukute na mzigo wako. Ukibaki, pikapu zangu zinahamia kwa vijana wa moto, zote tatu, na hilo utakuwa umemfanyia wewe, si mimi." Nawaambia mapema msije mkakaa roho juu: zilikwenda kweli kwa vijana wa moto, na zilirudi msimu uliofuata zimepasuka pembeni kama midomo ya kiangazi. Katikati hapo tuliosha matrekta, tuliosha baiskeli, tuliuza nta, na Shija hukurudishwa nyumbani hata wiki moja. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Siku ile nilijua tu kwamba nimefungua mdomo, na pikapu tatu zimetoka.

Nikaingia ndani. Macho yakikimbia masikio yanahamia mahali pake. Alikuwa amesikia kila neno, hadi la sato. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na mapajani mwake kuna furushi. Kanga yangu moja ameikunja ndani ya nyingine, amefunga fundo zuri, fundo la mtu anayesafirisha mtoto wake. Juu yake ameweka kipande cha msasa mlaini, mpya, ambacho tulikuwa tunakitunza.

"Nenda, ng'wana wane," akasema. Mwanangu, maana yake; Kiswahili kilikuwa kinamkimbia akiguswa moyo. "Wali haupiti mara mbili mlangoni. Mimi nitamwita Shija. Hakuna aliyekufa kwa kukosa shule, wewe mwenyewe ni wa darasa la nne na ulimi unao mrefu kuliko wa mwalimu."

"Mayu."

"Nenda kabla chai yake haijaisha. Usinifanye nikubembeleze, sijui kubembeleza."

Nikapiga magoti, nikalichukua furushi mapajani mwake. Alidhani ninaondoka, nikaona kidevu chake kinavyojikaza. Fundo lile alilifunga hasa, nilitumia meno. Nikatoa kanga ya kwanza nikaitundika kwenye msumari wake, nikatoa ya pili nikamfunika miguu, na msasa nikaurudisha kwenye kopo, kwa kelele, ili asikie unapotua.

"Unafanya nini wewe mtoto?" akauliza. "Kabula? Unafanya nini?"

Nikamwambia, "Siendi. Hapa kuna kazi sijamaliza."